Mbaazi za moto kwenye nailoni: kinachotoka kwenye plastiki ni nini hasa?

Mwana_Ngamiani

Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Jumamosi mke wangu alinituma mbaazi. Anayeuza ni shangazi yangu mwenyewe, hapa hapa Ngamiani, Tanga, na ukiona watu walivyojaa pale barazani kwake saa kumi na mbili na nusu asubuhi utadhani kuna maulidi. Shangazi akachota upawa, mbaazi zinafuka mvuke, tui zito. Akapuliza kinailoni kikafunguka (hilo la kupuliza lina mjadala wake, leo siligusi), akamimina, akapiga fundo. Nilipofika nyumbani kile kinailoni kilikuwa kimelegea kama utando wa maziwa. Nikazimimina bakulini, halafu nikakiosha kwa sabuni mara mbili, nione tu. Manjano hayakutoka.

Mimi nafundisha kemia sekondari. Nilisimama pale nimekishika nikajiona mjinga, maana kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni kwamba rangi ya bizari ya manjano maji hayaiwezi, mafuta ndiyo yanayoiyeyusha. Tui limeiyeyusha, moto umeisukuma, ikaingia ndani ya plastiki ikakaa. Sasa kama kuna njia ya kuingilia, ndiyo hiyo hiyo ya kutokea.

Nimesoma mambo haya kwa muda, wacha nimwage nilicho nacho, mtakaponiona nimeteleza mnishike.

Plastiki yenyewe ni minyororo mirefu sana, na hiyo haiendi popote. Shida ni vidogo vidogo vilivyotiwa humo: vya kulainisha, vya kuzuia jua lisiichakaze, rangi, na mabaki ya malighafi ambayo hayakuungana kiwandani. Hivi vimekaa kati ya minyororo kama abiria waliosimama kwenye daladala. Mlango ukifunguliwa, wanashuka. Na wafungua mlango ni moto, mafuta, uchachu na muda. Ndiyo maana Ulaya wanapopima vyombo vya chakula maabara hawatii maji matupu: hutia mafuta ya mimea yasimame badala ya vyakula vya mafuta, na asidi ya siki ya asilimia 3 isimame badala ya vyakula vichachu. Mtu wa Tanga ukimwambia hivyo anaona tui la nazi na achali ya embe. Sisi mtihani wa maabara tunaula kila asubuhi.

Kemikali maarufu kuliko zote hizo ni bisfenoli A, kwa kifupi BPA. Ndiyo inayotengeneza polikaboneti, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo: yale madumu ya maji ya lita 20 yanayopinduliwa maofisini, baadhi ya majagi, na chupa za watoto za zamani. Imo pia kwenye utando wa ndani wa baadhi ya makopo ya samaki na nyanya. Cha ajabu, kabla haijawa plastiki ilishajaribiwa kama homoni. Miaka ya 1930 huko London, Edward Charles Dodds alikuwa anatafuta estrojeni, yaani homoni ya kike, ya kutengeneza maabara, akakuta BPA inaifanya kazi hiyo, ingawa kwa unyonge. Mwaka 1938 akapata nyingine kali zaidi, DES, na hiyo wakapewa wajawazito kwa miaka mingi, mpaka 1971 ilipobainika kwamba baadhi ya mabinti waliozaliwa wanapata saratani ya uke ambayo kwa wasichana ilikuwa nadra mno. BPA ikakaa kando. Mwaka 1953 viwanda vikaichukua kwa kazi nyingine kabisa, na huko ndiko ilikorudi mezani kwetu.

Na kisa cha panya wa Cleveland, Marekani. Mwaka 1998 mtafiti Patricia Hunt alikuwa na panya kwenye vizimba vya polikaboneti. Mfanyakazi akaviosha kwa sabuni kali ya sakafu kwa bahati mbaya. Ghafla mayai ya panya majike yakaanza kuharibika, kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, hazijipangi. Ilichukua miaka kuhakikisha kwamba mkosaji ni BPA iliyokuwa ikitoka kwenye plastiki iliyochubuka. Alichapisha mwaka 2003. Kila nikimwona mtu anasugua jagi la plastiki kwa stili waya namkumbuka yule mfanyakazi.

Swali langu sasa: nikimwambia shangazi aache nailoni, ataniuliza aweke wapi. Nimjibu nini?

Kange_Konda

Mwalimu umeanza. Babu yangu ana miaka 84, yuko Muheza anapalilia machungwa, hajui kidonge. Mbaazi za nailoni tumekula tangu tuko darasa la kwanza. Siku hizi kila kitu kansa, mtatuua kwa hofu kabla ya hiyo kemikali.

Mwana_Ngamiani

Mkuu, babu yako alipokuwa darasa la kwanza hizo nailoni hazikuwepo. Alikula kwenye jani la mgomba na kibakuli cha bati. Yeye nailoni ameijua ni mtu mzima. Mwanao ameanza kukutana nayo akiwa tumboni. Halafu sijasema ukila leo unaanguka kesho. Homoni ni kama ujumbe, hata kidogo kinafika, na anayeuhitaji sana ujumbe huo ni mimba na mtoto anayekua.

Mama_Wawili

Nimesoma mpaka mwisho nimeogopa. Mwalimu, mimi mtoto wa miezi minane nampa uji kwenye chupa ya plastiki, namimina ukiwa wa moto halafu nauacha upoe humo humo. Nifanyeje?

Nesi_Mstaafu

Mwanangu Mama_Wawili usiogope, ila hicho kitendo cha mwisho kiache leo.

BPA kwenye chupa za watoto ilipigwa marufuku Umoja wa Ulaya mwaka 2011 na Marekani 2012, kwa hiyo chupa nyingi mpya ni za plastiki nyingine iitwayo polipropilini. Igeuze, utaona namba 5 ndani ya pembetatu. Hiyo inastahimili moto kuliko wenzake, kuyeyuka kwake ni kama nyuzi 160. Lakini nayo ina yake: mwaka 2020 watafiti wa Trinity College, Dublin, waliitia maji ya moto kama tunavyoandaa maziwa ya kopo wakakuta chembe ndogondogo za plastiki zinafika mpaka milioni 16 kwenye lita moja. Kadiri maji yanavyozidi moto ndivyo chembe zinavyozidi. Zinamfanya nini mtoto, hilo bado linafuatiliwa. Wao wenyewe hawakusema tupa chupa. Walisema andaa kwenye chombo kisicho cha plastiki, upoze, ndipo umimine.

Kwako ni rahisi zaidi. Miezi minane huyo ni wa kikombe na kijiko. Uji poza kwenye bakuli la udongo au la stili, mlishe. Chupa zenyewe kuzisafisha ni taabu, na kuhara kumeua watoto wengi kuliko plastiki.

Na hapa niwaambie wote. Miaka thelathini na kitu nimekaa wodini, sijawahi kuona faili la mgonjwa limeandikwa chanzo ni nailoni. Mambo haya hayaji hivyo. Ila yako ninayoyakumbuka kwa macho yangu. Aliletwa mtoto wa miaka minne, mate yanamtoka, mboni za macho zimekuwa kama kichwa cha sindano, anahema kwa shida. Nyumbani kwao walikuwa na dumu la njano la maji ya kunywa. Tulipouliza vizuri, dumu lilinunuliwa mnadani na lilikuwa limebeba dawa ya kunyunyizia mazao. Mama aliliosha kwa sabuni na mchanga mara tatu. Alipona yule mtoto, lakini usiku ule siusahau. Mwalimu amesema njia ya kuingilia ndiyo ya kutokea. Dumu linakumbuka kila kilichokaa ndani yake. Ndoo za rangi za nyumba mnazowekea togwa na achali, vivyo hivyo.

Mwana_Ngamiani

Nesi asante sana. Hilo la dumu ningelianza nalo mimi kama ningekuwa na akili.

Digo_Halisi

Nimeweka mkeka, endeleeni.

Fundi_Makorora

Mimi swali langu la aibu kidogo. Nyumbani kwetu wali wa kupalia ukikaribia kukauka maji, juu unawekwa mfuko wa nailoni, mfuniko, halafu makaa. Wali unaiva vizuri, hautoi mvuke. Nilipohamia kwangu nikamkuta mke naye anafanya vivyo hivyo, na kwao ni Pangani. Kuna tatizo?

Mwana_Ngamiani

Fundi, hii ndiyo ningeipigia kelele kuliko hata mbaazi. Nailoni laini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi, ile inayolia kwarakwara kama 130. Wali wenyewe una maji, hauvuki 100 sana. Lakini kingo za mfuko zinagusa sufuria, na juu yake kuna mfuniko wenye makaa mekundu. Huko nyuzi 130 zinapitwa kama kituo kisicho na abiria. Mkeo hajawahi kukuta mfuko umeganda kwenye mfuniko? Basi kilichopungua pale kilikwenda wapi.

Zaidi ya hapo, ile mifuko haikutengenezwa kwa chakula. Myeusi na yenye rangi mara nyingi ni plastiki iliyorejelezwa, na nani anajua kabla ya hapo ilikuwa nini.

Jani la mgomba linafanya kazi ile ile na linanukia. Au sinia la bati lililobana vizuri. Bibi yangu alitumia kitambaa cheupe kilicholowekwa kikakamuliwa, chini ya mfuniko.

Fundi_Makorora

Kuganda kwenye mfuniko kupo. Nilikuwa nakwangua kwa kisu. Wallahi.

Kange_Konda

Haya mimi nina yangu, na hili ni la kazi. Maji ya chupa tunayouza kwenye basi yanakaa juani kutwa, katoni ziko juu ya paa. Kuna sauti inazunguka kwenye simu inasema ukinywa maji yaliyokaa juani unapata saratani ya matiti, kuna sumu inaitwa dayoksini. Abiria mmoja mama wa makamo alinirudishia chupa mbele ya watu. Kweli au uongo?

Mwana_Ngamiani

Ile ya dayoksini ni uongo. Dayoksini zinataka klorini na joto la kuungua, na chupa ya maji haina klorini. Ukitaka dayoksini nenda kwa anayewasha jiko la mkaa kwa vipande vya plastiki, hasa vya PVC, ile ya mabomba, yenye klorini ndani yake. Huyo anazitengeneza mwenyewe na kuzivuta. Na wako wengi, asubuhi pita uchochoroni unuse.

Kilichomo kwenye chupa ya maji, ile namba 1, ni antimoni, madini yanayotumika kiwandani kuharakisha utengenezaji. Inatoka kidogo kidogo na joto linaizidisha. Watafiti wa Arizona, mahali pa jua kali kweli, walipima mwaka 2008: chupa ikikaa kwenye nyuzi 60 ilihitaji siku 176 kufikia kiwango cha juu kinachoruhusiwa Marekani, ambacho ni mikrogramu 6 kwa lita (mikrogramu ni sehemu ya milioni ya gramu). Kwenye nyuzi 80, siku 2.3 tu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 20. Kwa hiyo safari ya kutoka stendi ya Kange mpaka Dar katoni ikiwa juu ya paa haimuui mtu. Stoo ya bati iliyofungwa miezi mitatu, hiyo mimi singeinunulia mwanangu.

Na kuna jambo litakalowachekesha. Ipo njia ya kuua vijidudu inayoitwa SODIS, Waswisi waliieneza mpaka huku Tanzania: unajaza maji kwenye chupa safi angavu ya namba 1, unailaza juani saa sita, jua linaua vijidudu, unakunywa. Kipindupindu kikiwa mlangoni mimi nachagua antimoni kidogo.

Ila chupa hiyo hiyo usiitie chai ya moto. Mmeona inavyojikunja? Ikifika nyuzi 70 hivi inalegea. Ikishajikunja imekupa jibu.

Mkonge_Line

Mwalimu umesoma, lakini mbona wanasayansi wenyewe hawaelewani? Leo sumu, kesho salama. Nilisoma habari ya miiko myeusi ya plastiki mwaka juzi, dunia nzima ikatupa miiko, baadaye wakasema walikosea hesabu.

Mwana_Ngamiani

Kweli walikosea, tena kosa la darasa la tano. Ilikuwa 2024: walizidisha 60 kwa 7,000 wakaandika 42,000 badala ya 420,000, kwa hiyo hatari ikaonekana iko karibu na mpaka kumbe iko mbali mara kumi. Kemikali zenyewe zilikuwemo, zile za kuzuia moto zinazotoka kwenye plastiki nyeusi ya televisheni na redio zilizorejelezwa. Ila kipimo kilikuwa kidogo. Niliwapa kidato cha tatu hiyo hesabu, wawili wakapata 42,000 nao. Nikawaambia mtafika mbali.

Na kutoelewana kupo. Kwa BPA, mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilikuwa inasema mtu anaweza kula mikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku bila shida. Aprili 2023 ikashusha mpaka nanogramu 0.2 (nanogramu ni sehemu ya elfu ya mikrogramu), yaani mara 20,000 chini. Taasisi ya Ujerumani ya kupima hatari ikagoma, yenyewe ikaweka mikrogramu 0.2. Wanagombana kama mawakili. Lakini angalia wote wawili wamehamia upande gani kutoka pale walipokuwa. Mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha kuipiga marufuku kwenye vyombo vinavyogusa chakula. Ufaransa walishafanya tangu 2015.

Sisi Tanzania usalama wa chakula uko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, pale TFDA, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, ilipogeuka TMDA, ya Dawa na Vifaa Tiba. Mwaka huo huo, Juni 1, mifuko ya plastiki ya kubebea ikapigwa marufuku, nasi tukaingia kwenye mifuko mbadala. Sijui wangapi wanajua ule mfuko mbadala nao ni polipropilini iliyofanywa ionekane kama kitambaa. Kwa taka na ng'ombe imesaidia, sikatai. Lakini vinailoni vya mbaazi vilibaki palepale.

Mama_Lishe_Mabawa

Nimewasoma kimya tangu jana. Wewe mwalimu una mshahara mwisho wa mwezi. Mimi nauza wali maharage na samaki. Kifurushi cha vinailoni hata sikihesabu kwenye gharama. Yale maboksi meupe mepesi ni ghali mara nyingi zaidi, na mteja wa sahani ya elfu moja mia tano hakubali kuongeza hata mia. Nikitoa gazeti mnasema wino. Nikitoa jani la mgomba mchuzi unamwagika. Semeni nitoe nini.

Nesi_Mstaafu

Mwanangu hayo maboksi meupe wala usiyafikirie. Hayo ni namba 6, polistirini. Mafuta ya moto ya chipsi yanayachimba mashimo, utaona kwa macho. Malighafi yake, stirini, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliipandisha mwaka 2018 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Ungelipa zaidi kwa kitu kibaya zaidi.

Mwana_Ngamiani

Mama, umenishika pabaya, na ndilo swali la shangazi. Sina jibu la dukani. Lakini nikumbushe: utotoni tulitumwa mbaazi na nini?

Mama_Lishe_Mabawa

Bakuli. Na kisahani cha kufunikia. Ukilivunja usirudi nyumbani.

Digo_Halisi

😂😂 Lile la maua mekundu. Kila nyumba Tanga nzima ilikuwa nalo.

Nesi_Mstaafu

Basi niwape la kuwatia moyo. BPA haikai mwilini. Ikiingia leo, kwa saa chache inaanza kutoka kwenye mkojo. Mwaka 2011 huko upande wa San Francisco walichukua familia tano, watu 20, wakawapikia siku tatu chakula kisichopita kwenye kopo wala plastiki. BPA kwenye mkojo ikashuka kwa kama theluthi mbili. Siku tatu tu. Hatuzungumzii kitu kilichokwisha kukuharibu, tunazungumzia bomba ambalo unaweza kulifunga.

Mama_Wawili

Kuanzia kesho mume wangu anakwenda na hotpoti.

Kange_Konda

Masikini mume. Atapanda nayo bodaboda?

Mwana_Ngamiani

Wakuu, nimerudi baada ya wiki mbili na nusu kuwapa mrejesho.

Nilimwendea shangazi jioni, maana asubuhi hasikii la mtu. Nikamwamkia, nikaeleza homoni, nikaeleza panya. Akanisikiliza anachambua mbaazi, hata hakuinua kichwa. Nilipomaliza akaniuliza, "Kwa hiyo mimi nawapa watu sumu?" Nikanywea. Nikatoa kile kinailoni mfukoni, nilikuwa nimekihifadhi, nikampa. Akakisugua kwa kidole gumba. Akakinusa. Akachukua kanga akakisugua tena. Akasema, "Manjano yangu haya." Basi. Hatukuongea zaidi, tukaenda kula.

Kesho yake mke wangu akarudi na habari. Shangazi ametangaza pale barazani: anayekuja na chombo chake anaongezewa nusu upawa. Hakutaja kemikali, hakutaja panya. Nailoni bado ipo kwa asiye na chombo, lakini mbaazi anaziacha zipunguze moto kwanza, kwa hiyo wa nailoni wanasubiri na wa bakuli wanapita mbele.

Wiki ya kwanza walikuja na mabakuli wanne. Jumamosi iliyopita nilikwenda mwenyewe, nikahesabu kumi na saba, wawili wana vile vya bati vya zamani, mtoto mmoja ana kifuniko cha chupa ya chai.

Mama_Lishe_Mabawa

Nusu upawa si hasara?

Mwana_Ngamiani

Nilimuuliza. Anasema vinailoni ananunua robo ya alivyokuwa ananunua, na watu wamezidi. Malalamiko yake ni mamoja tu: kuna jirani mmoja anakuja na beseni.